Njahi za Cucu na Sungura wa Anko

Kibanda changu cha ndizi kimeshikana ukuta na kinyozi, hapa Kanyakine sokoni. Kila asubuhi huyo kijana anafagia nywele za jana, anazisukuma mpaka karibu na miguu yangu, na ile harufu ya spiriti na mafuta ya mashine na vichwa vya watu inaniingia puani kabla sijakunywa chai. Wateja wakiona nimekunja uso wanafikiri nachukia uchafu. Sio uchafu. Hiyo harufu inanirudisha darasa la nne, nikiwa nimebeba gunia la nywele mgongoni kama mwizi wa mawigi, nikiteremka kwenda kwa cucu kuzuia sungura.

Wacha niwaambie vile ilikuwa, na msicheke haraka. Mahali pa kucheka pako, lakini panaisha.

Mimi nililelewa na cucu, mama ya mama yangu. Mama alikuwa Nairobi akifulia watu nguo, na mimi nilikuwa huku chini ya Kanyakine, kwa nyumba ya mbao yenye jikoni ya moshi, ng'ombe mmoja na mahali nyuma ya jikoni penye cucu alikuwa anaita tu "pale pangu". Palikuwa ka-shamba kadogo, kama darasa moja hivi. Kahawa ilikuwa ya familia, ndizi zilikuwa za kila mtu mwenye njaa, lakini pale pake ungeingia na viatu vyenye matope ya kwingine ungeitwa jina lako lote.

Pale ndio alikuwa anapanda njahi.

Njahi mnazijua, ni maharagwe, zile nyeusi zenye mstari mweupe, anazopikiwa mwanamke akishazaa ndio maziwa yashuke na nguvu irudi. Za cucu hazikuwa hizo. Zake zilikuwa ndogo, rangi ya kahawa iliyokaangwa nusu, na hazikuwa na ule uchungu unabaki kwa ulimi. Alikuja nazo akiolewa, mama yake alimfungia kwa pembe ya leso. Hakuna mwanamke wa kwetu alizaa bila kuzila. Hata mama yangu alizila akinizaa, na cucu alikuwa ananikumbusha hiyo maneno kila nikikataa kuteka maji: "Ulikuja ukiwa na nguvu ya njahi zangu, sasa jerikeni ndio inakushinda?"

Mwaka ule ninaosema, hizo mbegu zilikuwa zimebaki mkebe mmoja. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na funza wakaingia kwa zile za akiba. Cucu alizunguka kwa majirani wote aliokuwa amewapa mbegu zamani. Mmoja alikuwa amekula zote. Mwingine alikuwa amehamia maharagwe ya pakiti za duka. Mama Kinoti, jirani wetu wa karibu, alimwambia, "Mama Murithi, zangu niliacha kupanda mwaka mume wangu alikufa, nisamehe." Cucu akarudi na mkebe wake vile alitoka nao.

Na Tata Kendi alikuwa na mimba. Huyu ni kitinda mimba wa cucu, mdogo wa mama yangu, ameolewa upande wa Embu, karibu na Kianjokoma. Mara mbili alikuwa ameenda hospitali akarudi mikono mitupu. Sasa hii ya tatu ilikuwa imeshika, na cucu alikuwa ameamua: mtoto akizaliwa, Kendi atakula njahi za nyumbani, na zitakazobaki zitakuwa mbegu tena. Nilimuona akimwaga ule mkebe wote kwa karai, akitoa zenye matobo moja moja.

"Cucu, si ubakishe kidogo?" nilimuuliza.

"Nikibakisha, funza atakula hizo nimebakisha. Zikae kwa udongo, hapo nitaziona."

Akazipanda zote.

Sasa sungura. Hao walikuja na Anko Murithi, mtoto wa kwanza wa cucu, mtu wa mipango. Alikuwa amekutana na mwanaume fulani wa koti na makaratasi, akaambiwa sungura ndio dhahabu mpya, ati hata mkojo wake unanunuliwa na watu wa maua. Anko akajenga nyumba ya sungura kwa mabanzi, orofa mbili, na bomba la kukusanya mkojo. Nyumba yenyewe ilikuwa na sakafu nzuri kuliko yetu. Akaleta sungura wanne, watatu wa kijivu na mmoja mweupe wa kike aliyekuwa na sikio moja limelala. Tukakusanya mkojo jerikeni mbili. Mwenye koti hakurudi. Anko akaenda Nairobi kumtafuta, na huko Nairobi akapata bibi, na ndio mwisho wa hiyo biashara.

Cucu hakutaka kuwaona. "Kwani mimi ni mtoto nikule sungura?" Kwa hivyo kazi ya kuwapa majani ikawa yangu, kabla ya shule na baada ya shule, na kiangazi majani ya kijani ungeyatafuta mpaka kwa mto. Siku zingine nilisahau. Siku zingine sikusahau, nilichoka tu. Ukirudi unapata wanne wamebandika pua kwa waya wanakuangalia, hawalii, hawagongi, wanakuangalia tu. Ng'ombe akiwa na njaa anatukana mtaa mzima. Sungura ananyamaza, na hiyo ndio mbaya.

Siku moja baada ya shule nikafungua mlango. Nikawaambia, "Haya, kila mtu ajitegemee." Walikaa hapo kidogo kama watu wa serikali wakingojea barua, halafu wakaingia kwa kahawa, mmoja mmoja. Nilivunja bawaba kwa jiwe, na cucu akirudi nikamwambia ni mbwa wa Mama Kinoti alivunja. Cucu alisikitika kidogo sana. Nafikiri hata alifurahi.

Mvua ikanyesha vizuri mwaka huo. Njahi zikatoka, majani mawili mawili, mistari imenyooka kama watoto wako paredi. Cucu alikuwa anamaliza chai yake amesimama huko nyuma akiziangalia. Halafu asubuhi moja tukapata mstari wa mwisho umekatwa, safi kabisa, kama kwa wembe. Cucu akafikiri ni fuko. Akainama, akaokota vidonge vidogo kama pilipili manga, akavinusa.

"Makena."

"Ee, cucu."

"Hii ni nini?"

"Sijui, cucu. Labda mbuzi mdogo."

"Mdogo kama nini, panya?"

Hiyo ndio siku yangu ya kwanza ya kunyamaza, na nilikuwa na zingine mbele.

Tulijaribu kila kitu. Jivu la jikoni, mvua ikaosha. Pilipili ya kusaga na maji ya sabuni, mimi ndio nikawashwa macho wiki nzima, sungura walikula na pilipili yake. Cucu akaanza kuwafokea kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili alikuwa anaongea na mbwa na polisi peke yake. Anasimama mlango wa jikoni anapiga kelele, "Toka hapa! Kwenda! Nyinyi natoka wapi?" Nikamuuliza kwa nini asiwafokee kwa Kimeru. Akasema, "Hawa ni wa mwanaume wa koti. Kimeru watasikia wapi?"

Halafu Mama Kinoti akasema dawa ni nywele za watu, ati sungura akinusa mtu anahama. Nikatumwa kwa kinyozi. Ndio nikabeba lile gunia ninalowaambia, nywele za Kanyakine nzima, za walimu, za makanga, za mzee wa kanisa aliye na mvi. Tulizimwaga kati ya mistari mpaka pale pa cucu pakaota ndevu. Siku mbili tatu kukawa kimya. Cucu akaimba. Kumbe hao wamechoka tu, au wamefurahi, sijui. Nywele zenyewe zilianza kupungua kidogo kidogo na sisi tukasema ni upepo.

Nilijua wanalala wapi. Kwa kona ya juu, mpakani na pale pa cucu, kulikuwa na rundo la fito za kupandishia maharagwe, zimefunikwa na majani makavu ya ndizi. Niliona yule mweupe akiingia hapo akibeba kitu kwa mdomo. Nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nilikuwa na hamu nao. Nikaanza kuwapelekea maganda ya viazi hapo, nikifikiri wakishiba maganda wataacha njahi. Nilikuwa na miaka tisa, nilifikiri sungura ana adabu ya kusema asante nimeshiba.

Alhamisi moja wamama wa kikundi wakaja. Hicho kikundi kilikuwa kinazunguka boma kwa boma, leo wanalimia huyu, kesho wanajengea yule, na zamu ya cucu ilikuwa imefika. Wangemsaidia kuchuna kahawa, lakini cucu akasema, "Mimi nataka ua." Wakaja na kila kitu: neti za zamani za mbu, mabati yaliyooza, magunia, waya, miiba. Mama Kinoti alikuja na mlango mzima. Wakachimba mtaro pande zote, kina cha mkono mpaka kiwiko, wakazika mabati ndani ndio hakuna mnyama atachimba apite. Wanaimba, wanataniana kuhusu waume zao, uji unazunguka. Sijawahi kuona ua umejengwa vile. Hata upepo ungeomba ruhusa.

Wakafika kona ya juu. Mama Kinoti akasema, "Hizi fito zitoke, ua upite hapa." Akainama ashike ya kwanza.

"Kuna nyoka!" nikasema.

Mama Kinoti akaruka akaangukia mama mwingine. "Wapi?"

"Hapo chini. Kubwa. Nyeusi. Niliiona jana."

"Na hukusema?"

"Nilisahau."

Wakacheka vile wamama wanacheka wakiogopa. Mmoja akasema choma, mwingine akasema utachoma na njahi. Cucu akaliangalia rundo, akaangalia jua linaenda, akasema, "Zungukeni. Pitisha ua nyuma ya rundo. Nyoka akae, atakula panya." Wakazunguka. Rundo likabaki ndani.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha uji, nimeokoa sungura wangu, najiona mjanja kuliko kikundi kizima. Kile nilikuwa nimefanya kiliniingia jioni, wakati cucu alifunga ule mlango na kufuli, akatia ufunguo kwa kifua, akasema, "Sasa hata Murithi mwenyewe hawezi kuingia."

Kesho yake akapigiwa simu Kendi amelazwa, presha imepanda, mtoto bado. Akafunga mzigo akaenda Embu. Mimi nikaachwa kwa Mama Kinoti. Ufunguo akaenda nao, kifuani.

Kulikuwa na tundu kwa bati moja, mahali pa msumari. Nikitoka shule napitia hapo naweka jicho. Siku ya kwanza nikaona yule mweupe amekaa kati ya mistari, anakula pole pole, kama mtu ameandaliwa. Siku ya pili nikaona wote wanne. Niliwarushia mawe juu ya ua, nikawaita, nikawatukana kwa lugha zote mbili. Nikajaribu kuchimba chini na kijiti, nikagonga mabati. Wamama walikuwa wamefanya kazi nzuri.

Siku ya tatu nikaamua nitasema. Nikaenda mpaka jikoni kwa Mama Kinoti, alikuwa na wageni wawili wanamenya viazi. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nilikuwa nimeyapanga njiani.

Mama Kinoti akainua kichwa, "Eh, mlinzi wa nyoka! Imezaa?"

Wageni wakacheka sana. Mmoja akasema huyu mtoto angekuwa kwa televisheni. Na mimi, watu wangu, nikacheka na wao. Nikasema, "Imezaa, mapacha." Wakacheka tena. Nikapewa kiazi cha moto nikaenda nacho nje, nikakila chote.

Siku ya tano cucu akarudi. Kendi alikuwa ameshuka presha, bado wiki kadhaa. Cucu hakuketi hata. Alitoa ufunguo akafungua, na mimi nikakaa nyuma yake, karibu na jikoni, nikiangalia mgongo wake. Ule mgongo haukufanya kitu. Ulisimama tu.

Pale pake palikuwa pamenyolewa. Vishina vifupi vimebaki, na udongo umekanyagwa mpaka unang'aa. Sungura wawili walikuwa wamelala kwa jua, hawakusumbuka kukimbia. Wangekimbilia wapi?

Cucu alitembea mstari kwa mstari. Halafu akaenda kwa kona, akaanza kutoa fito na mikono, moja moja, bila kuogopa nyoka. Chini yake, kwa shimo dogo, kulikuwa na kiota. Nywele. Nywele zetu za kinyozi, nyeusi na mvi, zimesokotwa na manyoya meupe, laini kama kofia ya mtoto. Ndani kulikuwa na vitoto sita, havina manyoya, macho yamefungwa, vinatetemeka. Yule mweupe wa sikio limelala alikuwa kando anapumua haraka.

Nilifikiri atavikanyaga. Nilifunga macho.

"Amezaa," cucu akasema. Nikafungua macho. Alikuwa amechutama, anafunika vile vitoto na nywele. "Basi. Zimeliwa na mwenye amezaa."

Kisha akanigeukia. "Nyoka ilikuwa wapi?"

Nikaonyesha kiota na kidole.

"Mm," akasema.

Hivyo tu. Niliingoja fimbo siku hiyo, na iliyofuata, na mpaka Jumapili nikaingoja kanisani. Haikuja. Nikajiambia cucu ni mtu mzuri, amenisamehe, nikaanza kuruka kamba tena.

Hao wakubwa na vile vitoto Mama Kinoti aliwabeba kwa gunia, sijui aliwapeleka wapi. Cucu alihesabu vishina vilivyokuwa na uhai kidogo, akafunika kila kimoja na mkebe uliotobolewa. Asubuhi anafunua, jioni anafunika. Vichache vilitoa majani, hata vikachanua maua, lakini vilikuwa vimechelewa na baridi ya mwezi wa saba ikavipata. Maganda yalitoka membamba. Alikuwa anayashika akiyabonyeza, anayaangalia juani. Hakukuwa na kitu ndani.

Tata Kendi akazaa msichana, mzima, mwenye sauti. Cucu alienda sokoni akanunua njahi, zile nyeusi za kila mtu, akazichemsha akamwaga maji ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, uchungu utoke. Tulienda na yeye mpaka kwa Kendi, mimi nikibeba sufuria kwa magoti safari nzima. Kendi alikula akiwa amelalia mto, mtoto kwa bega. Alikula kijiko cha kwanza akafunga macho.

"Hizi ndizo, mama," akasema. "Ningezijua hata gizani."

Cucu akasema, "Kula, mwanangu."

Nilitaka kucheka. Nilifikiri tumeponea, tumemdanganya vizuri, mimi na cucu, wajanja wawili. Nikamtazama ndio tuangaliane tucheke. Alikuwa anaangalia ile sufuria.

Mwaka jana, sasa nikiwa na kibanda changu na pesa kidogo, niliamua kutafuta hizo mbegu. Niliuliza wanawake wa soko hapa, nikauliza Nkubu, nikapanda mpaka Kianjokoma na mkebe mtupu kwa kikapu. Mahali pengi walinicheka. Mwishoni mama mmoja mzee akanipa konzi moja, ndogo, za kahawia. Nilirudi nazo nikitembea kama nimebeba mayai. Cucu sasa haoni vizuri. Nikamwekea kwa kiganja, akazipitisha kwa vidole, akatia moja mdomoni, akaisogeza huku na huku.

"Ni hizo, cucu?"

"Ni nzuri," akasema. "Asante, Makena."

Nikatoka nje kutafuta jembe. Pale pake hapajalimwa tangu wakati ule, ni nyasi tu, nikaanza kukwangua mahali kidogo. Nilikuwa nimepata kama hatua mbili nikasikia maji yanamwagwa kwa sufuria. Nikarudi mlangoni. Cucu alikuwa amezitia zote, na anapuliza moto.

Hapo ndio nilielewa kwa nini sikuchapwa. Anko alichapwa kwa kupoteza mbuzi, mama yangu alichapwa kwa kuvunja chungu, maana mbuzi angerudi na chungu kingenunuliwa, lakini zile njahi zingetoka wapi? Mimi miaka hii yote nilikuwa natembea nikijua nimesamehewa.

Zikaiva haraka, zilikuwa kidogo. Akanipakulia zote, yeye akasema ameshiba.